Mimba Iko kwa Mume

Siku ya tisa tangu Jedidah alazwe, mumewe Nicodemus alifika hospitalini saa nane kasorobo, akaketi kwenye ukuta mfupi karibu na lango pamoja na wageni wengine, akasubiri kengele. Alikuwa na chupa ya uji wa wimbi, kanga mbili zilizofuliwa na parachichi moja ambalo mama yake Jedidah alikuwa ameteremsha kutoka Ronge. Mikono yake ilikuwa na mikwaruzo. Alifanya kazi kwenye shamba la mkonge nje ya mji wa Voi, kiwandani, akilisha majani kwenye mashine ya kuchambua katani. Zamu yake ilianza alfajiri na kuisha saa sita na nusu, na hapo alipata nafasi ya kuoga, kubadilisha shati na kupanda bodaboda kuwahi saa za kuwaona wagonjwa, ambazo zilikuwa saa nane hadi saa kumi, si zaidi.

Hospitali ya Msalaba Mweupe ilikuwa na wodi moja ya wajawazito wenye matatizo. Wodi ilikuwa na vitanda kumi na wanawake ishirini. Walilala wawili wawili, huyu kichwa huku, yule kichwa kule, na kila mmoja alijua nyayo za mwenzake kuliko uso wake. Jedidah alikuwa kitanda cha sita. Mwenzake aliitwa Kaveke, mfanyabiashara wa mahindi na maharagwe kutoka Njukini, ambaye alikuwa ametokwa na damu mara tatu tangu mimba yake itimize miezi saba, na kila mara aliambiwa angoje skani. Mumewe alikuwa utingo wa lori la kuvuka mpaka. Hakuna aliyekuja kumwona.

Jedidah alikuwa mwalimu wa chekechea, mwenye sauti ndogo ambayo watoto walinyamaza ili waisikie. Alikuwa amepoteza mimba mbili, ya kwanza ikiwa na miezi minne, ya pili sita. Hii ya tatu ilikuwa imefika wiki ya thelathini, na ilikuwa imempandisha presha. Uso ulivimba, miguu ilivimba, pete ya ndoa ilitolewa kwa sabuni. Kila asubuhi Sista Philister, muuguzi mkuu wa wodi, alimfunga mkanda mkononi, akapampu, akasoma, akaandika.

"Imefika ngapi, Sista?"

"Iko juu."

"Juu ya wapi?"

"Lala ubavu wa kushoto, mama."

Siku hiyo ya tisa ilikuwa mia moja sabini kwa mia moja kumi. Kengele ilipolia, Nicodemus aliingia, akamsalimu Kaveke kwanza kwa sababu miguu yake ndiyo iliyokuwa karibu na mlango, kisha akaketi upande wa mkewe.

"Niko," Jedidah akasema. Ndivyo alivyomwita, kwa kifupi.

"Niko," akajibu. Ulikuwa mchezo wao wa tangu uchumba, na siku hiyo hakuna aliyecheka.

Akammiminia uji. Jedidah akanywa mafunda mawili, akarudisha kikombe.

"Silali," akasema. "Nikifunga macho nasikia moyo unagonga masikioni. Halafu nafikiri, na yeye huko ndani anausikia. Nafikiri anajua mimi si mahali salama."

Nicodemus akatazama sakafu. Alikuwa mtu wa vyuma na mikanda. Kitu kikikwama alizima mashine, akaingiza mkono.

"Ningeweza ningekushikia kidogo," akasema. "Hata saa moja tu, ulale."

"Basi shika."

Akaweka kiganja juu ya tumbo lake, na mimba ikavuka. Ilivuka polepole, kama mtu anayehama upande wa kitanda bila kuamka. Tumbo la Jedidah likashuka chini ya kanga. La Nicodemus likapanda, likasukuma shati, kifungo cha tatu kikaruka kikabingirika hadi chini ya kitanda cha saba. Mwanamke wa kitanda cha saba akakiokota akakipitisha.

"Fungua mshipi," Kaveke akamwambia. "Unambana mtoto."

Akafungua mshipi.

Sista Philister alipita na toroli lake, akasimama. Akampima Jedidah: mia moja ishirini kwa themanini. Akapima tena mkono wa pili, ikawa vile vile. Kisha akatoa kalamu aliyokuwa ameichomeka nyweleni, akaandika kwenye faili: *Saa nane na dakika ishirini na tano. Presha ya mama ni ya kawaida. Mimba iko kwa mume.* Akamwambia Nicodemus akae kwenye benchi, aegemee kushoto, na asinyanyue kitu kizito.

Jedidah alikuwa ameshalala, mdomo wazi, mkono mmoja ukining'inia nje ya kitanda.

Nicodemus aliegemea ukuta. Uzito alikuwa ameutarajia. Alikuwa amebeba magunia, na mwaka mmoja alibeba jeneza la baba yake mlima mzima. Kilichomshinda ni kwamba mzigo huu ulikuwa na mambo yake. Kwanza ulitulia, kama mgeni anayesikiliza nyumba. Kisha kisigino kikapita chini ya mbavu zake, kutoka kulia kwenda kushoto, taratibu, kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta swichi ya taa. Kisha ikaja kwikwi. Kila mshtuko mdogo ulimtikisa ubavuni, moja, halafu moja, halafu moja, na Nicodemus, ambaye hakuwa amewahi kukosa neno hata msibani, alikuta machozi yamefika kidevuni bila kupita kwenye fikra yoyote. Hakuthubutu kukohoa. Aliona kwamba kwa miezi saba alikuwa amelala kando ya jambo hili, sentimita chache tu kutoka kwa mtoto, akikoroma.

Saa kumi kengele ikalia. Thadeus, mlinzi wa lango la wodi, akamtazama tumbo.

"Hiyo ni ya wodi," akasema. "Mgeni hutoka na alichoingia nacho."

Nicodemus akarudi, akamwamsha mkewe, akaweka kiganja, na mimba ikavuka kurudi. Presha ikapanda kabla hajafika lango.

Siku iliyofuata alienda kwa msimamizi wake kiwandani, Bwana Hudson, akamweleza na kuomba ruhusa. Hudson alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua kitabu cha kanuni.

"Likizo ya baba ni wiki mbili," akasema. "Ukianza kuitumia leo itaisha mtoto bado hajatoka. Mimi ningekuwa wewe ningengoja. Lakini nitakutoa kwenye mashine, ukae kwenye mizani."

Mchana wa siku hiyo, dakika chache baada ya mimba kuvuka, Daktari Ngui aliingia wodini. Alikuwa daktari bingwa wa uzazi, mtu nadhifu, mpole, ambaye Jedidah alikuwa amemwona mara mbili kwa siku kumi, zote mbili akiwa amempa mgongo. Safari hii alikuja na madaktari wawili wanafunzi na kiti cha magurudumu.

"Bwana Nicodemus," akasema, akampa mkono. "Hapa si mahali pako."

Wakampeleka Chumba Namba Moja, mwisho wa ujia. Kilikuwa na kitanda kimoja, shuka lenye harufu ya sabuni, feni, na dirisha lililotazama milima ya Sagalla, ambayo mchana huo ilikuwa ya bluu kama moshi. Mashine ya skani, ambayo wanawake wa wodini walikuwa wameambiwa inangoja kipuri, ikasukumwa mpaka kando ya kitanda. Ilifanya kazi vizuri. Walimletea yai na papai.

"Unajisikiaje?" daktari akamwuliza, kisha akanyamaza akingoja jibu.

Nicodemus hakuwa amewahi kusikia swali hilo likiulizwa kule wodini. Akasema anajisikia vizuri, ila kuna kwikwi. Daktari akaandika kwikwi. Kisha akampaka dawa ya baridi tumboni, akaweka kifaa, na kwenye kioo kukatokea uti wa mgongo, mweupe, umepangwa kama punje za muhindi, na chini yake moyo ukifunguka na kujifunga. Walisikiliza wote wanne. Ulikwenda mbio, kama mtu anayepiga hodi na habari njema. Hata wanafunzi waliacha kuandika.

Daktari Ngui alivuta kiti na kueleza kwa nusu saa, akichora kwenye karatasi. Alieleza kifafa cha mimba ni nini na huanzaje. Alieleza sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, na kwa nini kila wiki inayopatikana ni faida. Alieleza dalili za hatari: kichwa kisichosikia dawa, maumivu chini ya mbavu, kuona nyota machoni.

"Ukiona nyota, usingoje," akasema. "Piga kengele hiyo hapo."

Saa kumi Nicodemus alirudisha mimba na kumweleza Jedidah kila kitu, akifuata mchoro kwa kidole. Jedidah alisikiliza kama mtu anayesomewa barua yake na jirani.

"Nimeuliza hayo hayo siku kumi," akasema.

Nicodemus akakunja karatasi.

"Alisema nini kuhusu nyota?"

"Nikiona nyota, nipige kengele."

"Mimi niliziona Jumanne," Jedidah akasema. "Nikaambiwa ninywe maji."

Kesho yake Nicodemus alimweleza daktari jambo hilo. Daktari Ngui hakukasirika. Alieleza kwa upole, kama mtu wa stesheni anayemweleza abiria ratiba ya gari moshi.

"Wamama husema mambo mengi," akasema. "Ukiyafuata yote huwezi kumaliza wodi. Lakini wewe ukisema, najua ni kitu."

Hivyo ndivyo zilivyopita siku kumi. Saa nane mimba ilivuka, Jedidah akalala usingizi wa saa mbili, presha ikatulia, na mtoto akaongezeka. Sindano za mapafu zilichomwa kwenye paja la Nicodemus, na zikafika zilikokusudiwa. Kila siku alikula nusu ya yai lake na kuficha nusu nyingine mfukoni kwa ajili ya kitanda cha sita. Alianza kujua tabia za mtoto. Hakupenda feni. Alipenda sauti ya mama yake, hivi kwamba Nicodemus alipopitishwa ujiani na Jedidah akamwita, tumbo zima liligeuka upande wa mlango, na wanawake wakaliona likigeuka chini ya shati, wakaacha kuzungumza mpaka akapita.

Siku ya ishirini, Kaveke alitokwa na damu mara ya nne. Ilikuwa asubuhi, kiasi cha kulowesha kanga moja. Sista Philister aliandika, akapeleka ombi la skani kama alivyopeleka mengine, akarudi akiwa amekunja midomo.

Saa nane Nicodemus alipoingia na kunyoosha kiganja, Jedidah aliushika mkono wake akauzuia.

"Leo chukua ya Kaveke," akasema.

Nicodemus akadhani hakusikia vizuri. "Na wewe?"

"Mimi nitalala ubavu wa kushoto."

"Jedidah, faili inasema asubuhi ulikuwa mia moja sabini na tano."

"Najua nilikuwa ngapi, mkono ni wangu. Huyu amevuja mara nne na hakuna aliyemwangalia. Hawatamwangalia huku. Wataangalia kule."

Nicodemus akamgeukia Kaveke. Lilikuwa jambo la aibu, kumshika mke wa mtu tumboni mbele ya wanawake kumi na tisa. Kaveke naye alikuwa ametazama dirishani.

"Mume wangu nimempigia simu," akasema. "Nimemweleza. Anasema hana neno, ilimradi urudishe salama."

Akaweka kanga katikati, kwa heshima, na Nicodemus akaweka kiganja juu ya kanga. Mimba ya Kaveke ilikuwa ya miezi minane na nusu, nzito, ya mtoto mkubwa aliyelala kimya. Ilivuka kwa shida, ikiegemea, kama kabati linalopitishwa mlangoni. Alipelekwa Chumba Namba Moja akiwa amekaza meno.

Daktari Ngui aliweka kifaa, akatazama kioo.

"Hii haikuwepo jana," akasema.

"Jana ilikuwa mimba nyingine."

Daktari alisogeza kifaa chini, akaangalia tena. Kondo la nyuma lilikuwa limelala juu ya mlango wa uzazi, limeuziba wote. Uchungu ukianza, mama atatokwa na damu mpaka iishe. Huyu lazima apasuliwe kabla uchungu haujaanza, kesho asubuhi, wa kwanza kwenye orodha, na damu iwe tayari pembeni. Akaanza kuandika. Alipofika kwenye jina, akasimama.

"Ni ya nani?"

"Ni ya Kaveke, kitanda cha sita."

"Aa," daktari akasema, na akaweka kalamu. "Basi hiyo ina utaratibu wake. Inapitia wodini. Wiki ijayo tunaweza kumtazama."

"Umeshamtazama."

"Nimekutazama wewe, Bwana Nicodemus."

Nicodemus akavuta shuka mpaka kifuani. Alisema hatarudisha mimba hiyo mpaka jina la Kaveke liandikwe kwenye orodha ya kesho na damu yake iagizwe maabara. Alisema ana nafasi. Daktari akatazama saa yake, akasema saa za wageni zinakwisha saa kumi. Nicodemus akasema basi kengele ilie.

Kengele ililia. Hakuondoka. Thadeus alikuja mlangoni, akamwona alivyolala, akarudi langoni. Saa kumi na dakika kumi na tano Sista Philister aliingia akiwa anahema.

"Baba, Jedidah ni mia moja tisini. Anasema chumba kimejaa nyota."

Nicodemus aliteremsha mguu mmoja sakafuni. Mtoto wa Kaveke akasogea ndani yake kwa mara ya kwanza siku ile, akasukuma mgongo wake mzima kwenye ubavu wa kulia, uzito wa kitu kinachoishi. Nicodemus akabaki hivyo, mguu mmoja chini, mmoja juu.

"Amesema kitu kingine?"

"Amesema usitoke mpaka waandike."

Akapandisha mguu kitandani. Baadaye alimwambia mama mkwe wake kwamba dakika zile zilikuwa ndefu kuliko miaka yote ya kiwandani, na kwamba alihesabu mapanga ya feni yakizunguka ili asipige kelele. Daktari Ngui alimtazama, akamtazama Sista, akatazama dirishani. Kisha akaandika. Akapiga simu maabara kuhusu damu. Akatia sahihi na kumpa Nicodemus karatasi aisome, naye akaisoma yote, mpaka tarehe.

Alikimbia ujiani akishikilia tumbo kwa mikono miwili. Kaveke alikuwa amekaa kwenye kona ya kitanda kumwachia Jedidah nafasi, akimpepea kwa faili. Nicodemus akamrudishia mimba yake, salama, kisha akapiga magoti upande wa pili. Midomo ya Jedidah ilikuwa inatetemeka. Macho yalikuwa yanafuata vitu ambavyo havikuwepo.

Akaweka kiganja. Mimba ikavuka, na safari hii haikuja peke yake. Presha ilikuja nayo. Nicodemus aliisikia ikipanda shingoni kama maji ya moto kwenye bomba, ikajaa nyuma ya macho, na wodi yote ikamwagika nyota, ndogo, za fedha, zikielea juu ya vitanda kumi na wanawake ishirini. Zilikuwa nzuri sana. Alielewa kwa nini Jedidah alikuwa amezitazama.

"Naona nyota," akasema.

Daktari Ngui, aliyekuwa amemfuata mpaka mlangoni, akasikia.

"Chumba cha upasuaji, sasa hivi," akasema, na watu sita wakakimbia pande sita.

Toroli ilikuja. Walimlaza Nicodemus, wakamchoma dawa ya kuzuia kifafa, wakamfunika kijani. Jedidah, ambaye nyota zilikuwa zimemtoka, aliteremka kitandani, akaning'iniza chupa yake ya dripu begani, akatembea kando ya toroli kwa miguu yake mwenyewe. Hakuna aliyemzuia, kwa kuwa hakuwa mgonjwa wa dharura tena.

"Nitakurudishia mezani," Nicodemus akamnong'oneza, "wakishavaa glavu." Kisha akageuza maneno. "Hapana. Wacha wanipasue mimi. Presha itarudi kwako. Na ukifa?"

"Wewe ukipasuliwa utatoka damu na mwili wako haujui inatoka wapi," Jedidah akasema. "Wangu unajua. Niko, wawili walitoka kwangu wamekufa. Huyu nataka atoke kwangu akilia."

Walipofika, taa ilikuwa imewashwa, dawa ya ganzi imevutwa kwenye sindano, kitanda kidogo cha mtoto kimepashwa joto. Daktari Ngui alikuwa ameinua mikono yake yenye glavu. Nje jua lilikuwa bado juu ya milima. Nicodemus akateremka kutoka mezani, Jedidah akapanda, na mbele ya watu sita mumewe akaweka kiganja juu yake kwa mara ya mwisho. Mimba ikavuka haraka, kama aliyefika kwao.

"Mgonjwa amebadilika," daktari akasema.

"Mgonjwa ni yule yule tangu alazwe, daktari," Sista Philister akasema. "Faili ninayo hapa."

Daktari akatazama mikono yake. Kila kitu kilikuwa kimefunguliwa, na kuahirisha kungekuwa na usumbufu zaidi kuliko kuendelea. Akaendelea.

Nicodemus alisimama kichwani pa Jedidah akiwa na tumbo tupu, lililolegea, na alihisi baridi mahali ambapo hakujua jina lake. Presha ya Jedidah iliimbwa na mashine, ikapanda, ikapanda tena, dawa ikaongezwa, ikasita. Jedidah alikuwa ameshika kidole chake kimoja. Kisha Nicodemus akamwona mtoto akitolewa, mdogo, wa zambarau, amekunja ngumi, kisigino kile kile kikipapasa hewa. Akalia. Ilikuwa sauti nyembamba kama ya mlango wa kabati, na watu wote chumbani, ambao walikuwa wameisikia sauti ya namna hiyo mara elfu, waliinamisha vichwa kidogo.

"Msichana," Sista Philister akasema. "Kilo moja na gramu mia sita."

Jedidah akasema, kwa sauti yake ndogo ya chekechea, "Karibu." Mtoto akanyamaza ili asikie.

Walimwita Lynn.

Kaveke alipasuliwa kesho yake asubuhi, wa kwanza kwenye orodha. Alipoteza damu nyingi, ikarudishwa, na mtoto wake wa kiume alikuwa na kilo tatu na nusu na alilala wakati wote. Mumewe alipiga simu kutoka mpakani kuuliza kama vitu vyote vilirudi salama. Alimshukuru Nicodemus mara mbili, mwanaume kwa mwanaume, na akasahau kumsalimia mkewe.

Habari zilienea mpaka Wusi. Wanaume walianza kufika saa nane na kuweka viganja juu ya wake zao. Wengine walihisi kitu kikianza kuvuka wakakumbuka wana gari la kuwahi. Wachache walikaa, na nyakati nyingine ungeweza kuwaona watatu au wanne kwenye benchi, wameegemea kushoto, mishipi wazi, wakitazama mbele yao bila kusema, kama watu walio kanisani. Bodi ya hospitali ilikaa kikao kimoja, ikaridhia, na ikaagiza Chumba Namba Moja kipakwe rangi na kuongezewa kitanda cha pili, na mlangoni kukawekwa kibao: WAJAWAZITO WANAUME. Wodi ya wanawake ilibaki na vitanda kumi. Mwezi huo walikuwa ishirini na wawili.

Lynn alikaa hospitalini wiki nne, akipashwa joto kifuani, ngozi kwa ngozi. Mchana ilikuwa zamu ya Nicodemus, ambaye sasa alikuwa ameanza likizo yake. Alifungiwa mtoto ndani ya shati, sikio juu ya moyo, na Lynn aliusikiliza kwa utulivu wa mtu aliyewahi kukaa nyumba hiyo. Alipopata kwikwi, Nicodemus aliinua uso, akamtafuta Jedidah, wakatazamana mpaka ikaisha.

Siku moja Daktari Ngui alipita na wanafunzi wake. Jedidah alikuwa amelala kitandani na mama mwingine aliyejifungua, huyu kichwa huku, yule kichwa kule. Nicodemus alikuwa kwenye benchi.

"Mshono unanichoma upande wa kulia," Jedidah akasema. "Tangu jana. Na una maji."

Daktari alimsikia. Aligeukia benchi, kalamu mkononi, uso wake mpole umeinama.

"Bwana Nicodemus," akauliza, "mshono unamchoma?"

Nicodemus alimtazama mkewe. Jedidah alimtazama daktari, muda mrefu, jinsi alivyozoea kumtazama mtoto wa darasani mpaka ajirekebishe mwenyewe. Daktari alingoja. Hakuwa na haraka.

"Unamchoma," Nicodemus akasema.

Daktari akaandika.